Kikasha Kisafi Mno

Mzee alikuwa amekufa mbele ya kompyuta yake, mkono wa kulia ukiwa bado juu ya kipanya.

Inspekta alisimama mlangoni akamtazama. Kituoni walimwita Barafu, na hakuwahi kuwakataza. Maiti ilikuwa imeegemea kiti, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Mezani kulikuwa na glasi ya maji, kikombe cha chai iliyopoa na pakiti ya vidonge iliyofunguliwa. Barafu alijitafutia huruma kifuani, akaikosa. Alikuwa ameona maiti nyingi mno, na huruma nayo huisha kama sabuni.

"Nani kamkuta?"

"Dada yake, afande," Koplo alijibu. "Walikuwa wanaishi wawili tu. Yuko jikoni."

"Analia?"

"Hapana. Anaosha vyombo. Vimeshatakata, ila anaviosha tena."

Jikoni alimkuta mama mfupi aliyekwishaingia uzeeni, mikono imezama kwenye povu. Hakugeuka.

"Pole, mama."

"Nishapoa."

"Marehemu alikuwa anaumwa?"

"Moyo, miaka mingi. Na masikio. Mitambo ya kiwanda cha uchapaji ilimla masikio yote mawili. Ukitaka kusema naye, uandike."

"Na vile vidonge?"

"Vya kifua. Alikuwa anakohoa. Kanunua mwenyewe juzi."

Barafu akarudi chumbani. Koplo alivaa glavu, akagusa kipanya, kioo kikawaka. Kikasha cha barua pepe kilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na ankara ya maji, tangazo la chama cha wastaafu, na salamu za rafiki wa zamani. Basi.

"Kisafi mno hiki," Barafu alisema. "Changu kina matapeli wengi kuliko ndugu."

"Changu kila siku kinaniambia nimeshinda gari, afande. Na bado natembea kwa miguu."

"Namsafishia mimi." Sauti ilitoka mlangoni. Dada alikuwa amesimama pale, maji yakimchuruzika viwikoni. "Kila asubuhi, kabla hajakaa. Kuna mjane tajiri wa uongo aliyemwandikia anataka waoane. Kaka yangu alikuwa ameshaanza kupiga pasi suti! Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu. Za kitapeli nazitupa kwenye kikasha cha taka, nzuri namwachia. Akanibandika jina, Chekeche. Na nilimwapisha, kile cha taka asikifungue kamwe."

"Akakuamini."

"Angemwamini nani mwingine?"

Wapiga picha wakamaliza, alama za vidole zikachukuliwa, maiti ikapelekwa hospitali. Barafu alidhani ni sumu. Upo uwezekano huo kila wanapokaa watu wawili nyumba moja.

Siyo, alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Dawa ya moyo na dawa ya kifua. Kila moja peke yake ni salama. Ukizichanganya zinapigana, na wapiganapo tembo unajua mwenyewe kinachoumia. Moyo umesimama."

"Kwa hiyo ni bahati mbaya."

"Hilo ni lako, Inspekta. Mimi nasoma miili tu."

Barafu alikwenda duka la dawa. Muuzaji alitokwa na jasho kabla hata hajaulizwa.

"Nilimwandikia kwenye karatasi kama anatumia dawa nyingine! Haki ya Mungu, nilimwandikia."

"Akajibu?"

"Akasema hanywi hata kimoja mpaka amuulize mwanawe. Ana binti mfamasia, yuko nje. Alinionyesha na picha yake. Alikuwa anamwonea fahari kweli."

Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Mtu aliyeapa kutokunywa bila kuuliza, kwa nini kanywa?

Kompyuta ilikuwa imeshafika maabara, kwa mtaalamu aliyeitwa Miwani ingawa hakuwa nayo. Aliivunja siku nyingi na jina likabaki. Barafu akamwambia afungue barua zilizotumwa. Ya mwisho ilikuwa fupi.

"Mwanangu, kama umenikasirikia sawa, ila hili nakuuliza kama mtaalamu. Picha ya vidonge hii hapa. Nivinywe pamoja na vya moyo? Usiponijibu hadi keshokutwa nitajua ni sawa."

"Mtu gani anaandika hivi?" Miwani alishangaa. "Usiponijibu ni sawa?"

Barafu naye aliliona jambo la ajabu. Akampigia mmoja wa wastaafu wa kiwandani, na mzee yule akacheka kwa huzuni.

"Ndivyo tulivyofanya kazi, bwana. Kwenye mitambo hamsikilizani. Karatasi ya majaribio inatundikwa ukutani. Mwenye kuona kosa analizungushia wino. Ikifika saa ya kuwasha na hakuna aliyeweka wino, maana yake wote wamekubali. Yule alikuwa msimamizi wetu. Hata posa ya mwanawe aliipitisha hivyo hivyo, mkaa kimya amekubali."

Kikashani hamkuwa na jibu la binti. Barafu akampigia.

"Nilijibu saa ile ile!" Sauti ya binti ilikuwa inatetemeka kabla hajaambiwa kitu. "Nilimwandikia kwa herufi kubwa, Baba usivinywe! Nikampigia na shangazi, simu ikaita weee, hakupokea. Kwani amevinywa?"

Barafu hakujibu mara moja. Binti alikuwa mtoto wa baba yake. Aliuelewa ukimya ule, akaangusha simu.

Miwani alikuwa ameshafungua kikasha cha taka. Zilijaa bahati nasibu, dawa za kuotesha nywele, wajane matajiri. Katikati yake, barua za binti. Nyingi.

"Hizi tatu za mwanzo zilitupwa kwa mkono," Miwani alisema. "Mtu amebonyeza akaiambia mashine hizi ni taka. Zilizofuata hakuna aliyezigusa."

"Zimefikaje huku?"

"Mashine ni mwanafunzi mzuri, afande. Mfundishe mara tatu, ya nne anatupa mwenyewe. Hamuulizi mtu."

"Na zile tatu zilitupwa wakati gani?"

"Asubuhi. Kila moja asubuhi na mapema."

Barafu alishusha pumzi. Hakufurahi, hakuhuzunika. Alichukua nakala za barua, akarudi kwenye ile nyumba.

Chekeche alikuwa amekaa kwenye kiti alichofia kaka yake. Aliziona karatasi mkononi mwa Inspekta, akaweka mikono mapajani.

"Umefungua kikasha cha taka," alisema.

"Nimefungua."

"Basi niulize."

"Ulitupa barua za mtoto wa kaka yako?"

"Nilitupa tatu. Ya kwanza ilianza, 'Baba, nimeamua kukuchukua uje ukae na mimi.' Mkono ukaenda wenyewe."

"Kwa nini?"

"Mimi sina mume, afande. Sina mtoto. Nilikuwa na kaka, na chai yake ya asubuhi. Akiondoka nimwamkie nani, ukuta? Nimempikia tangu mkewe afariki. Yule mtoto mwenyewe nimemlea kwa mgongo wangu huu. Halafu aje achukue, mimi nibaki na sufuria?"

Sauti yake haikupanda. Barafu alimsikiliza kama anavyosikilizwa msoma taarifa ya habari.

"Ya pili na ya tatu?"

"Nilitupa bila kufungua. Kisha nikamwona kaka yangu. Hasemi. Hali vizuri. Nikamwambia kwa karatasi, mwandikie mwanao, akasema mzazi hambembelezi mtoto aliyenuna. Roho ikanisuta, nikasema basi, inayokuja nitaiacha ipite, liwalo na liwe. Kila asubuhi nikawa naingoja. Haikuja. Nikajua mtoto kasusa."

"Hakususa, mama. Aliandika kila wiki. Mashine ilikuwa inatupa."

"Nani aliiambia?"

"Wewe. Mara tatu."

Chekeche aliitazama meza tupu, pale ilipokuwa kompyuta.

"Na ile simu yake?" Barafu aliuliza. "Iliita kwa muda mrefu."

"Niliiona. Niliogopa ataniuliza kwa nini baba hajibu." Akatazama pale vilipokuwa vidonge. "Alitaka kusema habari ya vile vidonge?"

"Ndiyo."

"Siku mbili nzima kaka alikaa hapa. Nikamwandikia, unangoja nini? Akasema, nangoja wino. Sikumwelewa. Nikamletea maji. Mimi ndiye niliyemletea maji, afande."

Koplo, aliyekuwa akiandika maelezo, alisitisha kalamu. Barafu akamwashiria aendelee. Kulikuwa na kosa la kuzuia mawasiliano ya mtu, na kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Hakimu angechagua. Kesi ilikuwa imekwisha, na mpelelezi mwingine angelifunga jalada hapo hapo.

"Ile barua ya kwanza," alisema Barafu, "uliisoma yote?"

"Mstari mmoja. Ulinitosha."

Alichagua karatasi moja, akaisoma kwa sauti ile ile anayosomea watu mashtaka.

"'Baba, nimeamua kukuchukua uje ukae na mimi. Najua utauliza shangazi utamwacha na nani. Humwachi. Karatasi zake za kusafiria nimeziomba pamoja na zako. Ni mama yangu yule, na wewe nani atakuchekechea barua? Chumba chake kinatazama bustani. Muulize anapenda mapazia ya rangi gani. Asiponijibu nitanunua ninayopenda mimi.'"

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye beseni. Barafu aliikunja karatasi, akairudisha kati ya zile nyingine. Chekeche alikuwa ametulia tuli, macho makavu, midomo ikimchezacheza.

"Ya kijani," alisema mwishowe.

"Nini, mama?"

"Mapazia."

Koplo alimtazama Inspekta wake, hajui afanye nini.

"Andika," Barafu alimwambia. "Kila analosema, liandike."