Funguo Mbili kwenye Dashibodi

Mangi fundi alilala chali mbele ya ndege, mkono mmoja kifuani, na ungemtazama kuanzia shingoni kwenda chini ungesema ataamka sasa hivi adai chai yake. Kuanzia shingoni kwenda juu Inspekta Kanze alitazama mara moja tu, akaomba shuka.

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili u nusu asubuhi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege huko Ganda. Usikitukuze hicho kiwanja. Ni ukanda wa udongo mwekundu wa murram kati ya mashamba ya mihogo, banda la mabati, na ndege moja nyeupe ya viti vinne, mali ya Bwana Bharat, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Malindi mjini. Rafadha ya puani, ambayo wenyewe huiita panga, ilikuwa na damu kwenye ncha moja.

Asubuhi hiyo palikuwa na watu wawili tu zaidi ya marehemu. Mmoja ni Ngumbao, mlinzi wa lango. Wa pili ni Kapteni Sanga, rubani anayekaribia sitini, mtu anayejulikana pwani nzima, kiasi kwamba Kanze alimwamkia shikamoo kabla ya kumuuliza lolote.

Kapteni alieleza kwa utulivu. Alikuwa ameipasha injini moto, akaizima, akaenda bandani kuandika karatasi zake. Mangi akaja kulizungusha panga kwa mkono, kuisikiliza injini inavyovuta pumzi, kazi aliyoifanya kila asubuhi. Injini ikajiwasha yenyewe. Upo waya nyuma ya dashibodi, alisema, ukikatika injini hubaki hai hata swichi ikifungwa.

"Ni ajali," Kapteni alimalizia. "Mungu anisamehe, lakini mwenye kukagua waya ni fundi. Ameuawa na uzembe wake mwenyewe."

Ngumbao naye alisema alisikia injini ikikohoa mara moja, kisha akamwona Kapteni akikimbia kutoka bandani. Alipanda ndegeni kwanza, ndipo akashuka kumwangalia Mangi. Kapteni hakukana. Alitaka kuhakikisha swichi imefungwa, injini isije ikawaua na wengine. Kanze aliona ni akili ya mtu mzoefu.

Alipanda ndegeni mwenyewe akapiga picha. Swichi ilikuwa imefungwa, tundu lake tupu. Juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, zililala funguo mbili, mmoja umefungwa kipande cha leso nyekundu, mwingine mtupu. Akazitia kwenye mfuko wa vielelezo, akashuka. Hapo ndipo alipokosea, na hadi leo hujilaumu, maana jibu lote alikuwa amelishika mkononi. Lakini ndege angezijulia wapi? Kwake yeye, mwenye gari huweka funguo zake anapopenda.

Kwenye mlango wa banda palitundikwa bango: Jumamosi, Siku ya Wapenda Ndege. Watoto arobaini wa shule ya msingi wangepandishwa angani, watatu watatu, kuiona Malindi kutoka juu. Kanze aliuliza kama sherehe itaahirishwa. Kapteni akajibu kwamba Bharat ataleta fundi mwingine kutoka Mombasa, na watoto hawawezi kuvunjwa moyo.

Kufika adhuhuri, mkubwa wa Kanze alikwishapiga simu kutoka Kilifi. Alitaka jalada lifungwe kesho yake: ajali kazini, uzembe wa marehemu.

Kwa nini Kanze hakulifunga? Kwa sababu ya mjane, basi. Alasiri alikwenda msibani kutoa pole, akamkuta Sidi mkewe Mangi ameketi mkekani, macho makavu, amekasirika. Habari ya uzembe ilikwishamfikia.

"Mume wangu amekufa, nimekubali," Sidi alisema. "Lakini hilo neno sitalikubali. Amefundisha mafundi miaka ishirini. Kila mmoja atasema Mangi alikuwa akitufundisha asilolifanya mwenyewe."

"Aliwafundisha nini?"

"Usiguse panga kabla hujauona ufunguo. Rubani akizima, ufunguo unatoka kwenye swichi, unawekwa juu ya dashibodi, aliye nje auone kwa macho yake kupitia kioo. Usipoonekana, mtu haligusi panga. Ile leso nyekundu kwenye ufunguo ni pindo la leso yangu. Nilimkatia mwenyewe, macho yake yalikuwa yanachoka."

Kanze akamwambia kwa upole kwamba ufunguo ulikuwa mahali pake. Zilikuwapo zote mbili.

Sidi akageuka kumtazama. "Zote mbili zipi, dadangu? Ndege ile ina ufunguo mmoja. Zikiwa mbili, mmoja uko juu unauona na mwingine uko kwenye swichi huuoni, si utakufa?"

Alilisema kama mtu anayeeleza jambo la jikoni, kisha akasikia alichokisema. Wanawake wawili wakatazamana.

Kanze akauliza kama Mangi alikuwa na ugomvi na mtu. Hapana, ila tangu Jumanne hakuwa na raha. Siku hiyo yeye na Kapteni walirusha ndege kuijaribu, wakaenda hadi Kilifi na kurudi. Alirudi nyumbani hakula. Sidi alipomuuliza kama ndege ina hitilafu, alijibu kwamba ndege ni nzima kabisa. Sidi akaingia ndani, akatoka na kijitabu cha kazi cha mumewe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. Jumanne, juu ya Mida, sekunde kumi na moja. Nimempa mpaka Ijumaa.

Kanze aliisoma mara tatu. Hakuelewa.

Ijumaa asubuhi fundi wa Mombasa aliufungua ule waya mbele ya Kanze na Sajini Mwenda. Ulikuwa mzima. Kwa hiyo injini haikujiwasha kwa hitilafu, swichi ilikuwa wazi. Na swichi ile, fundi alieleza, ikiwa wazi ufunguo hauchomoki.

Walimkuta Bharat dukani, kati ya mifuko ya saruji na picha za ndege ukuta mzima. Mzee wa watu alijifunza kurusha ndege akiwa na miaka hamsini, na mwalimu wake alikuwa Sanga. Alisema ufunguo wa akiba alimpa Kapteni mwezi wa Machi, kwa safari ya Lamu, na Kapteni akarudi na habari kwamba umeanguka baharini. Alipoonyeshwa picha ya dashibodi, Bharat aliketi juu ya mfuko wa saruji. Aliomba aambiwe kwamba ni mtu mwingine.

Saa tisa alasiri Kapteni Sanga aliingia kituoni mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi, mabega yana mistari yake ya dhahabu. Mwenda alimletea chai, akaketi pembeni kuandika.

"Kapteni, ufunguo wa pili uko wapi?"

"Ulianguka baharini Lamu. Bharat anajua."

"Mwezi gani?"

Sanga akanyanyua kikombe. Kikaishia njiani.

"Mwezi gani, Kapteni? Maana waya tumeukagua, ni mzima."

Kimya. Kanze alidhani anatunga uongo, akamwacha atunge. Kisha akaona macho. Yalikuwa wazi, yamemwelekea, na hayakumtazama. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kinasugua kifungo cha shati, kinasugua, kinasugua. Mwenda akaacha kuandika. Kanze akainua macho kwenye saa ya ukutani, na bila kujua kwa nini akaanza kuhesabu. Alifika tisa.

"Machi," Kapteni alisema, akanywa chai yake. "Mwezi wa Machi."

Kanze aliogopa. Aliogopa hasa, si uoga wa kazi. Aliwaona watoto watatu wamefungwa mikanda nyuma ya mgongo ule mweupe, juu ya mikoko ya Mida, hakuna mtu anayeiongoza ndege.

Akakiweka kijitabu cha Mangi mezani, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Sasa hivi zimekuwa tisa," alisema. "Jumanne zilikuwa kumi na moja."

Sanga alisoma. Kikombe kikagonga sahani.

"Alihesabu," alisema.

"Alihesabu. Kupotewa huku kulianza lini?"

"Mwaka jana. Mara moja, mara mbili kwa mwezi. Isipokupata siku ya kupimwa na daktari wa marubani, unapita tu." Akasugua paji la uso. "Juu ya Mida, Mangi ndiye aliyeshika usukani. Hakunipigia kelele. Tulipotua aliniambia, Kapteni, jiondoe mwenyewe, wasije wakakuondoa. Alinipa mpaka Ijumaa. Nisipojiondoa, angewaandikia wanaotoa leseni, kwa sababu ya watoto wa Jumamosi."

"Na alikuwa rafiki yako."

"Nimeruka naye miaka kumi na saba."

"Ukafanyaje?"

Sanga alieleza huku akiitazama mikono yake. Ufunguo wa akiba haukuwahi kuanguka baharini, ulikuwa umesahaulika kwenye koti, akauona baadaye na kuona haya kusema. Alhamisi aliwasha injini kwa huo. Akaizima kwa kukata mafuta, akayarudisha, akaiacha swichi wazi na ufunguo ndani, chini, ambapo aliye nje hauoni. Ule wa leso nyekundu akauweka juu, nyuma ya kioo. Kisha akaenda bandani akaketi.

"Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama mbele ya kioo, akachungulia. Akauona. Ndipo akalishika panga."

Mwenda alikohoa, akaendelea kuandika.

"Kwa nini, Kapteni?" Kanze hakuificha hasira yake. "Ungestaafu kwa heshima. Watu wangekuchinjia mbuzi."

"Wewe hujawahi kukaa juu kule. Huku chini mimi ni mzee mmoja mwenye magoti mabovu. Nikishashuka mara ya mwisho, nitakuwa nani?"

"Na wale watoto arobaini?"

"Nilijiambia haitatokea Jumamosi."

Kanze alivuta bahasha, akatoa ile picha ya dashibodi, akamsogezea. Sanga aliinama juu yake. Akakunja uso, kama mtu aliyeonyeshwa chumba chake kina kitu kisicho chake.

"Huu mtupu ameuweka nani?"

"Wewe."

"Hapana. Niliuchomoa nikautia mfukoni nikautupe. Jana jioni niliukosa, nikarudi na tochi, nikapekua majani yote kuanzia ndegeni mpaka bandani."

"Ulipanda, ukafunga swichi, ukauchomoa, ukauweka pale unapouweka siku zote. Ngumbao alikuona ukipanda. Hakuna mwingine aliyepanda mpaka nilipopanda mimi."

"Ningekumbuka."

Kanze alimwacha aitazame picha. Haikuchukua muda. Mzee wa watu alifumbua mdomo, akaufumba, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye kifungo cha shati. Safari hii alikiona. Akakishika kwa mkono wa pili, akakibana.

"Sikumbuki," alisema, na machozi yakamtoka. "Wallahi sikumbuki."

Alitia sahihi maelezo yake saa kumi na moja kasoro. Kanze alimpigia mkubwa wake Kilifi, akampigia Bharat bango lishushwe, kisha akatoka uani peke yake na kumpigia Sidi. Alikuwa ameyapanga maneno, lakini simu ilipopokewa akasema moja tu.

"Aliuona ufunguo, Sidi. Alisimama akauangalia kwanza, ndipo akagusa. Alifanya vilevile alivyofundisha."

Upande wa pili palisikika kuku na watu wa msibani, na pumzi za mwanamke mmoja.

"Utaliandika hilo kwenye karatasi yenu?"

"Nimeshaliandika."

"Na pindo la leso yangu?"

Kanze akamweleza kwamba ni kielelezo, halina budi kukaa mahakamani hadi kesi imalizike, na huenda ikawa mwaka, huenda miwili.

"Haya," Sidi alisema. "Nitaiweka leso yenyewe isiguswe. Pindo likirudi nitalishona."