Mzee Nzomo Ndani ya Filamu ya Kitamil

Siku ya soko pale Tala, mwenye haraka afadhali abaki nyumbani. Nzisa alikuwa na haraka. Gauni la manjano, leso kiunoni, furushi la mapazia ya mitumba kichwani, na mbele yake umati umeziba njia, watu wakishika mbavu kwa kicheko.

"Nipisheni jamani! Kwani kuna nini?"

Kulikuwa na Kisilu. Kijana huyu wa kofia nyekundu aliuza filamu, na kazi yake hasa ilikuwa kuzitafsiri kwa maikrofoni, Kiswahili na Kikamba kwa pamoja. Leo runingani kulikuwa na vichekesho vya kijijini kwa Kitamil: mkulima mwenye masharubu na shuka nyeupe kiunoni anakimbizwa na fahali wake mwenyewe. Kitamil chenyewe Kisilu hakujua hata neno. Alibuni tu, na watu walimpenda hivyo hivyo.

"Wewe, unajuaje anasema nini?" Nzisa akauliza.

"Namwangalia mdomo, mrembo. Kama wako sasa, unaniomba namba yangu."

"Aiya! Huyu hana haya!" Lakini namba aliichukua.

Miezi sita simu hazikukatika. "Umekula, mpenzi?" "Sijala, nangoja sauti yako." Upuuzi mtupu, lakini mapenzi ndiyo hayo.

Kisilu akakubaliwa apeleke mbuzi wa ntheo, wale watatu wa kwanza ambao kwa Wakamba ndio humfanya msichana kuwa mke. Kwa furaha, Nzisa akamsimulia siri ya nyumbani. Babake, Mzee Nzomo, aliwahi kujificha juu ya ghala la mahindi ili asitoe jogoo wa harambee ya kanisa. Wageni wa kanisa waliokuja kumchukua jogoo wakiwa katikati ya maombi, wakasikia mtu anakoroma huko juu.

Sasa ona ujinga wa mwanamume. Siku ya soko iliyofuata, mkulima wa Kitamil akapanda juu ya nyasi kavu kujificha. Kisilu akaishiwa maneno, mdomo ukadaka lililokuwa karibu.

"Nzomo wa Kathiani amepanda ghala! Jogoo hatoi! Sikieni anavyokoroma!"

Soko lote likaangua kicheko. Kabla ya saa kumi, jirani mmoja aliyekuwa amerekodi pale sokoni alikuwa ameshamchezea mzee sauti hiyo kwenye simu. Mzee akairudisha simu ya watu.

"Mwambieni huyo kijana mbuzi zake azile mwenyewe."

Nzisa akapiga simu akilia. "Nilikuambia wewe, Kisilu! Wewe, si soko lote!"

"Mpenzi, ilinitoka tu..."

"Basi usinipigie tena." Akakata.

Wiki mbili Kisilu hakushika maikrofoni. Jumapili baada ya kanisa akajitosa Kathiani, shati jeupe limepigwa pasi, spika begani, laptopu kwapani, maikrofoni mkononi. Nzisa alikuwa mlangoni. Hakumsalimia, ila moyo ulimruka, hilo silifichi.

"Mzee, nimekosa," Kisilu akasema. "Nimekuja niombe msamaha kwa spika hii hii, majirani wasikie."

Mzee Nzomo akamkazia macho. "Kwanza nionyeshe huyo mtu unasema ni mimi."

Filamu ikawekwa. Mkulima akatumbukia dimbwini. Mzee akaguna. Fahali akatafuna shuka ya mkulima. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akanyoosha mkono apewe maikrofoni.

"Lete hiyo kitu. Ulisimulia vibaya! Mimi sikulala. Nilikoroma kusudi, wajue nimelala, waende!"

Akaanza kukitafsiri Kitamil mwenyewe, sauti ikifika barabarani. Majirani wakajaa uani. Filamu ilipofika harusi, mzee akanguruma: "Wewe kijana, umenikosea na umenichekesha. Jumamosi leta hizo mbuzi, na zisiwe zimekonda!" Halafu akaibana sauti, amsemee bibi harusi: "Baba, mimi nam..."

"Baba, hiyo nitasema mwenyewe." Nzisa akamnyang'anya maikrofoni. Akamgeukia Kisilu, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja. "Mimi nataka mwanaume ambaye nikimwambia kitu, kinabaki kwake. Ni wewe ama si wewe?"

Kisilu, mtu wa maneno elfu, akamsogelea. Akapiga magoti vumbini na shati lake jeupe, akitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.

"Basi nakutaka," Nzisa akasema, na Kathiani nzima ikasikia.