Kabla Nassibu Hajasaini

Basi la Lindi liliposimama Somanga, wauza samaki walizingira madirisha. Mboni Likwata, mfanyabiashara wa ufuta, alishuka na dera lake la zambarau, akanyoosha mkono kumchukua changu wa kukaanga. Mkono mwingine ukamfikia samaki yule yule.

"Nimemuona kwanza, dada," alisema kijana aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri.

"Ulimuona, hukumshika."

Kijana akacheka. Aliitwa Nassibu, fundi wa injini za boti mjini Lindi. Walimla samaki pamoja, na honi ilipolia walikuwa wameshapeana namba.

Simu zikawa hazikatiki.

"Umeamkaje, ufuta wangu?"

"Ufuta wako? Hata kilo moja hujanunua!"

Jioni moja Mboni alimweleza kwamba, kabla hawajakutana, alikuwa amenunua nyumba Kilwa Masoko.

"Ipo wapi?"

"Nyuma ya soko. Ina baraza refu, ila mlango wa uani..."

"Haufunguki mpaka uunyanyue kidogo," Nassibu akamalizia.

Mboni akaduwaa. "Umejuaje?"

"Nani kakuuzia?"

"Huseni Shamte."

Nassibu akasema taratibu, "Huseni ni kaka yangu. Hiyo nyumba ni ya marehemu baba yetu. Mimi sikuulizwa, Mboni, wala sijasaini popote."

"Kumbe! Pale Somanga ulikuwa unanifuata mimi au nyumba?"

Mboni akakata simu. Hakupokea tena.

Kesho yake aliingia ofisini kwa wakili Alfani, aliyemwandalia mkataba.

"Ulisema kila kitu kiko safi. Ulihakikisha warithi ni nani?"

Wakili akaishika tai yake. "Huseni aliniambia yuko peke yake."

"Hukwenda mahakamani kuulizia mirathi?"

"Nilimwamini."

"Mimi nilikulipa usimwamini."

Mboni aliamua kumshtaki kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Lakini alihitaji ushahidi wa mrithi aliyerukwa. Akameza kiburi, akapiga simu. Nassibu alikuja na basi la kwanza.

"Siku ile Somanga sikukujua," alisema. "Nilikuwa na njaa tu."

"Na sasa?"

"Haki yangu nitaidai kwa Huseni, si kwako."

Macho yake hayakukwepa. Mboni akamwamini.

Malalamiko yalipofika, Alfani alishikwa na hofu. Kwa gharama zake akawapeleka ndugu wale mahakamani, msimamizi wa mirathi akateuliwa, Huseni akampa mdogo wake fungu lake la fedha za nyumba, mkataba mpya ukaandikwa. Akamsihi Mboni ayafute malalamiko.

"Kwangu umerekebisha. Wengine je?" Mboni alikataa, na kamati ikampa Alfani onyo kali.

Siku ya kusaini, Nassibu alishika kalamu akasita. "Mboni, nina swali."

"Usiulize sasa. Ukiuliza kabla hujasaini, sitajua unanitaka mimi au baraza."

Akasaini. Wakatoka nje kwenye jua.

"Haya, uliza."

"Nije kwa wazee wako?"

"Wako Miteja. Uje na mshenga anayejua kuongea."

"Wakikubali, tutaishi wapi?"

"Kwangu," alisema Mboni, akivuta ushungi kuficha tabasamu. "Ila tukigombana, wa kuhama anajulikana."