Maji Chini ya Miguu ya Mama

Kila Alhamisi asubuhi, kinyozi huchelewa kufungua kibanda chake. Wateja wake wanajua. Siku hiyo humpeleka mama yake kliniki ya kifua. Mama ana pumu, na kliniki iko mbali, nyuma ya kilima. Kwa miguu hawezi kufika.

Gari lao ni dogo, la kijivu, la zamani. Kinyozi analipenda kupita kiasi. Akimaliza kuliosha husimama kando akilitazama, huku chai yake inapoa.

Alhamisi moja ya msimu wa mvua, mama alifungua mlango wa mbele. Akatia mguu mmoja ndani, akautoa upesi.

"Mwanangu, humu mna nini?"

"Mna viti, mama. Ingia, tunachelewa."

"Mnanuka ukungu. Na chini pamelowa. Tazama kiatu changu!"

Kinyozi alibonyeza kapeti kwa kidole. Maji yakapanda juu. Akatandika magazeti, akaning'iniza manukato mapya kwenye kioo. Hayo yalikuwa manukato ya tatu mwezi huo.

Mama alikohoa njia nzima. Kliniki, nesi alimsikiliza kifua akakunja uso.

"Bibi, unapokaa pana unyevu? Ukungu unaharibu kifua chako."

"Nyumba yetu ni kavu," mama alijibu, akamtupia mwanawe jicho la pembeni.

Kinyozi akachukua dawa za mama, akatangulia kutoka.

Waliporudi nyumbani mama alivuta dawa yake mara mbili ndipo akapata pumzi ya kusema.

"Alhamisi ijayo siendi. Nikipanda gari lako nafika mgonjwa kuliko nilivyotoka."

"Lakini mama, daktari amesema usikose hata wiki moja!"

"Basi mwambie daktari aje hapa."

Kinyozi alikosa raha. Mama akikosa kliniki, usiku mmoja pumzi inaweza kumkatikia. Na si kwamba hakuwa amehangaika. Miezi miwili kabla, alipoona unyevu kidogo tu, alifungua boneti, akachungulia chini ya kioo cha mbele, akakuta matundu mawili. Akayajaza silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, mpaka yakafurika. Wiki nzima wateja wake walinyolewa huku wakisimuliwa habari hiyo. Ajabu ni kwamba maji yalizidi. Akanunua silikoni nyingine, akaizungusha kioo kizima.

Jioni mkewe alimwambia, "Mume wangu, hilo gari sasa lina silikoni kuliko chuma. Muulize Mama Povu."

Mama Povu ni jirani yao. Anaosha magari pale kwenye kona.

"Yule ni mtu wa sabuni. Anajua nini?"

"Kila siku anayamwagia maji magari ishirini. Wewe umemwagia mangapi?"

Asubuhi walikwenda wote wawili.

Mama Povu alikuwa amevaa viatu vya mpira, mkononi ana bomba la maji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakandamiza kitambaa cheupe kwenye kapeti. Akakitazama na kukinusa.

"Maji haya yanakuja lini?"

"Maji ni maji, dada. Wewe niambie dawa."

"Maji si maji tu. Yangekuwa na rangi, yanateleza na kunukia utamu, yangekuwa ya rejeta, yale yanayopoza injini. Hayo ni sumu, huyaonji, unakwenda kwa makanika siku hiyo hiyo. Yangekuja siku ya jua ukiwa umewasha kiyoyozi, ningetazama mrija wa kiyoyozi. Sasa, yako yanakuja lini?"

"Mvua ikinyesha."

"Basi yanatoka nje. Tutafute yanapopenya, ndipo tuzungumze dawa."

Walikausha ndani kwa matambara, wakatandaza magazeti makavu. Mke wa kinyozi akaingia na tochi. Wakati wa kufunga milango, Mama Povu alibana kipande cha karatasi kwenye kila mlango, kisha akakivuta. Kila kimoja kilikaza.

"Mipira ya milango ni mizima. Karatasi ingechomoka kirahisi, tungejua mpira umechoka."

Kinyozi alishika bomba kwa nguvu, akalielekeza kwenye paa. Mama Povu akamshika mkono.

"Taratibu, baba! Mvua haipigi hivyo. Na tunaanzia chini. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi."

Wakaanza chini ya milango. Wakasubiri dakika chache.

"Kavu!" mke alisema kwa sauti kutoka ndani.

Wakapanda kwenye madirisha.

"Kavu! Lakini humu joto limenizidi, fanyeni haraka!"

Kisha wakamwagilia chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Mama Povu aliinama akachungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Alikaa hapo muda mrefu.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna nini?"

"Kila gari nikilimwagia maji hapa, yanaanguka chini nyuma ya gurudumu. La kwako halitoi hata tone. Yanakwenda wapi?"

Kabla kinyozi hajajibu, mkewe alipiga kelele ndani. "Yanakuja! Yanatoka chini ya dashibodi, upande anaokaa mama!"

Mama Povu alifungua boneti, akainua wavu wa plastiki ulio chini ya kioo. Ndani palikuwa na mfereji uliojaa majani yaliyooza, na maji yametuama. Akachota majani kwa mkono. Chini yake, silikoni nyeupe iling'aa.

"Nani ameziba hapa?"

Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Niambie ni fundi gani, nisije nikampelekea hata baiskeli yangu!"

Mkewe alicheka mpaka tochi ikamdondoka. Kinyozi akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Mama Povu naye alicheka, lakini kwa upole. "Pole, baba. Hapa mvua inaruhusiwa kuingia. Gari limeundwa hivyo. Inaingia kwenye wavu, inatokea kwenye haya matundu mawili, inaanguka barabarani. Majani yalianza kuyaziba, wewe ukamalizia kazi. Maji yakakosa pa kutokea, yakajaa mpaka kwenye njia ya hewa, yakashuka miguuni kwa mama."

Kinyozi aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Mama yake alikuwa amekohoa miezi miwili kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Walichokonoa silikoni kwa kijiti cha mti, si chuma, ili wasikwaruze rangi na kuleta kutu. Wakazoa majani yote. Wakamwaga maji tena. Safari hii yalibubujika nyuma ya gurudumu, meusi kwanza, kisha safi.

"Kavu!" mke alisema ndani. Akarudia, "Kavu kabisa!"

Kinyozi akataka kuruka kwa furaha.

"Tulia kwanza," Mama Povu alisema. "Juu patakauka leo, lakini chini ya kapeti kuna sponji, na huko ndiko ukungu unakoishi. Chomoa waya wa betri, inua kapeti. Ukikuta nyaya chini ya kiti usiziguse, mwite fundi. Funga kitambaa puani. Na mama asikaribie. Hayo manukato yanaficha harufu tu, tena yanamkera kifua. Yatoe."

Kinyozi alifuata neno kwa neno. Sponji alilolikamua lilitoa nusu ndoo. Kipande kilichoota weusi alikikata akakitupa, akaweka kipya. Kapeti alilisugua kwa sabuni. Siku tatu gari lilikaa juani, milango wazi. Na akajiwekea zamu: kila Jumapili kuondoa majani chini ya kioo.

Jumatano jioni alikwenda kuketi karibu na mama yake.

"Mama, yale maji niliyaleta mimi. Niliziba nisichokijua. Nisamehe."

Mama alimtazama. "Tangu mdogo ukiona tundu huna amani. Limetengemaa sasa?"

"Limetengemaa."

"Tutaona."

Alhamisi mvua ilianza alfajiri, kubwa, ya kupiga mabati. Mama alifungua mlango wa gari. Hakuingia. Alikandamiza kiganja kwenye kapeti, mbele na nyuma, akakinusa. Kisha akaketi, akafunga mkanda.

Kinyozi aliendesha polepole. Alingoja kikohozi. Walipita kibanda chake, wakapita kona, wakaanza kupanda kilima. Mvua ilikuwa inatiririka kwenye kioo. Alipogeuka kumtazama mama, kichwa chake kilikuwa kimeegemea kiti. Amelala.

Walifika kliniki mapema. Kinyozi alizima gari. Alitaka kumwamsha, akasita. Kifua cha mama kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, bila mluzi, bila kukwaruza. Hakuwa amemsikia akipumua hivyo kwa muda mrefu. Akakaa akimsikiliza, mpaka nesi akatoka na mwavuli kuwaita.