Kandambili ya Samy

Kandambili ya shaba, ndefu kuliko kitanda, ilikutwa asubuhi imekatwakatwa sakafuni mwa ukumbi wa maonyesho. Wasanii walioitengeneza, Evariste na mkewe Adrienne, walipiga magoti wakaanza kuviokota vipande.

Inspekta Hadassa alipofika, wenzake walikwisha kumtia ndani Fortunée, muuza maandazi wa langoni, mwanamke mfupi sana. Shahidi alikuwa Germain, mlinzi wa ukumbi.

"Uliona sura yake?"

"Hapana, Mama Inspekta. Ilikuwa alfajiri. Nilisimama pa mulango, nikaona muntu mufupi kule mwisho. Kichwa yake haikufika hata pa kukalia ya kiti."

Hadassa akasimama mlangoni. Kule mwisho aliona kiti na meza, vya kawaida kabisa.

"Evariste, nenda usimame pale pa kiti."

Msanii huyo mrefu akaenda. Kila hatua alizidi kupungua. Alipofika, alionekana kama mtoto aliyeanza kutembea juzi.

"Kile kiti iko kubwa sana," Adrienne alieleza. "Tuliinua sakafu, tukabananisha kuta. Kutoka pa mulango, jicho inakudanganya."

Damu ilimchemka Hadassa. Mwanamke yuko selo kwa ushahidi ambao ungemfunga mtu yeyote wa mji wa Likasi!

"Germain, weye uko hapa kila siku. Hii mambo ulijua. Na kufuli haikuvunjwa. Fungua stoo yako."

Ndani ya stoo kulikuwa na msumeno wa chuma, meno yake yamejaa chembe za shaba. Germain akaketi chini.

"Ni minye niliikata."

"Kwa nini?"

"Ile kandambili ni ya Samy, mudogo wangu. Shimo ya kuchimba shaba ya Kamatanda ilimufunika. Tulipata kandambili moja tu. Hawa wasanii wakaiomba kwa mama yetu, wakaifanya kubwa. Bantu wanakuja kutazama, wanapanda juu yake, wanacheka, wanapiga foto. Na minye ndiye nawafungulia mulango."

"Hatukujua weye ni mutoto wa ule mama," Adrienne alisema kwa sauti ya chini.

Hadassa alimwonea uchungu, lakini hasira haikushuka.

"Ungekuja kulalamika, ningekusikiliza. Fortunée alikukosea nini?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini yeye?"

"Iko mufupi, na iko masikini. Nilijua hamutauliza mingi." Akainua macho. "Na hamukuuliza."

Hadassa akamtia pingu. Kisha akaenda mwenyewe kufungua selo. Fortunée alitoka jicho limevimba, akampita bila kumsalimu.