Kisyeri Asema Panapouma

Hapa Susuni asubuhi huanza na sauti za ng'ombe. Zamani ilianza pia na sauti ya Kisyeri, akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Tulichunga pamoja tangu utotoni, miguu mitupu. Mwaka wa ukame tulifika na mifugo hadi Machochwe. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Kwetu Wakurya, anayelia siku ile hufuatwa na aibu hadi kaburini. Katika rika letu hapa kijijini tumebaki yeye na mimi.

Kisyeri alitokwa na doa jeusi unyayoni. Alidhani ni mwiba wa zamani. Alipokwenda hospitali, ilikuwa saratani ya ngozi, nayo ilishafika kwenye mapafu. Dawa za kawaida hazikuizuia. Ndipo madaktari wa hospitali kubwa Mwanza wakamweleza kuhusu dawa mpya ambayo bado inafanyiwa utafiti. Walisema wazi kwamba huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Hakulazimishwa, na angeweza kujitoa siku yoyote. Karatasi za maelezo nilimsomea mwenyewe, neno kwa neno. Darasa la jioni la watu wazima halikunitupa. Akakubali.

Muuguzi Jenipha alitufafanulia jinsi dawa inavyofanya kazi.

"Mzee, mwili una walinzi wake, kama mbwa wa boma. Saratani ni mwizi aliyevaa koti la mwenye mji. Mbwa wanamwona, wananyamaza. Dawa hii inawafanya wamtambue, wabweke."

"Na wakishachachamaa," Kisyeri akauliza, "watamjua mtoto wa nyumbani?"

"Hapo ndipo penye hatari. Wanaweza kumng'ata. Wakishambulia utumbo, utaharisha. Wakishambulia mapafu, utakohoa na kukosa pumzi. Ngozi nayo inaweza kuwasha. Ukiona lolote, piga simu siku hiyo hiyo. Tukijua mapema, tunaweza kuwatuliza."

Kisyeri aliwekewa dawa kwa dripu, akarudi nyumbani. Jenipha alimpigia simu kila wiki kumjulia hali. Kila mara alipata jibu moja: salama.

Siku moja mkewe, Ghati, alinifuata shambani. Alinieleza kwamba Kisyeri anashinda kwenye njia ya chooni. Alikuwa ameona damu kwenye nguo alizofua, lakini mumewe alimkataza kusema.

"Shemeji, mimi nikisema, nitaambiwa namvunjia heshima," akasema. "Wewe ni rika lake. Wewe una ruhusa ya kumtukana."

Nilimkuta ameegemea ukuta, macho yameingia ndani. Tulizungumza kwanza habari za malisho ya zamani, na za yule fahali wake mwekundu aliyewahi kutupandisha mtini. Kisha nikamwuliza kuhusu tumbo. Akanijibu kwamba mwanaume hamlilii binti mdogo kwenye simu.

"Siku ya kisu ulinyamaza kwa sababu kijiji kizima kilikutazama," nikamwambia. "Huko chooni anakutazama nani, nzi?"

Alicheka hadi akashika tumbo. Kisha uso ukabadilika.

"Nikisema, wataniondolea dawa," akasema polepole. "Na ndiyo iliyobaki."

"Ukinyamaza, nitabaki mimi peke yangu. Fahali yule nitamkumbuka na nani?"

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Akamweleza Jenipha yote, hata damu. Jenipha akaagiza apelekwe hospitali ya wilaya mara moja, asijitibu kwa dawa ya dukani wala ya miti. Kutoka huko alipelekwa Mwanza. Kweli, dawa ya utafiti ilisimamishwa kwa muda, akapewa nyingine ya kutuliza walinzi wa mwili. Daktari alimwambia kwamba angechelewa zaidi, utumbo ungeweza kutoboka.

Sasa tumbo limetulia, na ameruhusiwa kuendelea na dawa. Picha za mapafu zinaonyesha uvimbe umepungua. Madaktari hawasemi kwamba amepona. Wanaendelea kumfuatilia, nasi tunaendelea kuwa naye.

Jana jioni tulikuwa uani ng'ombe wakirudi. Simu ikalia. Jenipha akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, binti," Kisyeri akasema, akikaa vizuri kwenye kigoda. "Leo mgongo unawasha. Goti la kushoto nalo linauma kidogo. Kikohozi hakuna. Choo ni kizuri, ngoja nikueleze."

Ghati aliacha kukamua. Akapiga kigelegele kirefu, kama kile walichotupigia mama zetu siku ile, tuliporudi kutoka kwenye kisu tukiwa kimya.