Mchezo wa Gurudumu la Kulia

Kila jioni nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, kule Naviundu, nikisikiliza barabara. Mama alikuwa ameenda Pweto kumuuguza mama yake, mwezi wa nne sasa, na mimi sikuwa na kaka wala dada. Nilipika bukari, ugali wetu, nikaifunika kwa sahani, nikangoja. Watoto wa jirani waliitwa na mama zao mmoja mmoja hadi mtaa ukabaki kimya. Miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikatazwa shuleni, kwa hiyo darasani nilikuwa Nkandu. Edith lilikuwa jina la nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniita hadi Papa arudi.

Papa alikuwa na kamioneti ya kubebea akina mama wa sokoni na mizigo yao. Nilikuwa nimeisikiliza siku nyingi sana, hata nikaijua kabla haijafika kona ya mto. Jumanne moja sauti yake ilibadilika. Ilipokata kona ilifanya kok, kok.

"Papa, gari linagonga mbele, upande wa kulia," nikamwambia alipoingia.

"Masikio yako iko muzuri," akasema Papa. "Hata mimi naona usukani unanivuta kulia. Nitaipeleka kwa Ba Mutale."

Ba Mutale alikuwa fundi wetu. Papa alimwachia gari, lakini alipoenda kulichukua Alhamisi, fundi hakuwepo. Alikuwa ameitwa kwenye kilio huko Kasenga. Aliacha kikaratasi tu, amekibana kwenye kioo cha mbele. Papa akarudi na gari hivyo hivyo, na kikaratasi mfukoni.

"Kuya, Edith, unisomee," Papa akaniita jioni ile. Akavua kofia, akavuta kiti karibu na changu.

Hapo niseme ukweli. Papa hakujua kusoma Kifaransa, na mimi nilikuwa mwaka wa tano. Kila karatasi aliyoleta ilimfanya akae nami. Karatasi ikiisha, alikula akiwa amechoka, akalala. Kwa hiyo nilizipenda karatasi kuliko peremende.

Kikaratasi kilisema: *Rotule droite, du jeu. Je reviens samedi.* Droite ni kulia, hilo nililijua. Samedi ni Jumamosi. Jeu ni mchezo, hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Lakini rotule sikulijua kabisa. Ningesema sijui, Papa angeinuka, avuke barabara aende kwa Mukuka, kijana wa sekondari, na kiti kingebaki kitupu.

"Anasema gurudumu la kulia lina mchezo tu, Papa," nikasema. "Si kitu. Yeye atarudi Jumamosi."

Papa akashusha pumzi. "Basi kesho saa nne nitabeba bamama mpaka Kipushi." Akanipapasa kichwa. Akakaa kidogo zaidi, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Kesho yake mwalimu wetu, Sitoyeni Musonda, yaani Mwananchi Musonda kama tulivyotakiwa kumwita, alikuwa akichora duara ubaoni kwa ile kompasi kubwa ya mbao. Mstari ulizunguka, ukarudi, ukapita pembeni ya pale ulipoanzia. Darasa likacheka.

"Munaona?" akasema, akiitikisa miguu ya kompasi. "Kifundo chake kimelegea. Kwa Kifaransa tunasema iko na jeu. Si mchezo wa watoto huu. Ni kitu kucheza mahali ambapo hakitakiwi kucheza."

Nikakikumbuka kikaratasi cha Ba Mutale. Nikainua mkono. "Sitoyeni, rotule ni nini?"

"Ni kifupa cha goti. Gari nayo iko na rotule, ndiyo goti la gurudumu. Ikichomoka, gurudumu linalala, na usukani hausikii dereva tena." Akanitazama. "Sababu gani unauliza?"

Nikasimama nikaeleza yote mbele ya darasa zima, machozi yakinitoka. Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu akatazama saa yake. Ilikuwa saa nne kasorobo.

"Kimbia," akasema.

Nilikimbia na daftari mkononi, viatu vikiniumiza, na njia nzima nilikuwa peke yangu na lile neno. Sokoni nilikuta akina mama watatu wamekwisha kukaa nyuma juu ya mifuko ya unga, na injini inawaka. Nikasimama mbele ya gari, mikono nimeiweka juu ya boneti.

"Papa, nilikudanganya! Sikujua lile neno. Gurudumu linaweza kuchomoka!"

"Huyu mutoto atatuchelewesha," akanung'unika mama mmoja.

Papa alizima injini, akatoa jeki, akainua upande wa kulia mpaka gurudumu likaacha ardhi. Alilishika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, akalisukuma na kulivuta. Kok. Akalitikisa tena. Kok. Akainama kutazama kwa ndani, na mimi nikainama karibu naye. Kirungu cha chuma, ndiyo hiyo rotule, kilikuwa kinacheza ndani ya kikombe chake kama jino la mtoto linalotaka kutoka.

Papa akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Bamama, mushuke," akasema polepole. "Hatuendi."

Jumamosi Ba Mutale alikuja nyumbani na rotule mpya. Alifungua gurudumu, akagonga ile ya zamani mara mbili tu, ikamwangukia mkononi. Akafunga mpya, akatia grisi, kisha akaniambia nilitikise gurudumu mwenyewe. Nililishika juu na chini nikavuta kwa nguvu zangu zote. Halikusema kitu.

"Mimi nilikosa pia," akasema akifuta mikono. "Niliandika kama namuandikia fundi mwenzangu. Lakini sikia, Nkandu. Chuma kikilegea kinagonga, kinakuonya. Uongo wako haukugonga. Ulikaa kimya mpaka saa ya safari. Ndiyo maana neno 'sijui' lazima litoke mdomoni mapema."

Nikaitikia kwa kichwa. Ba Mutale alipoondoka, Papa akauliza kwa sauti ndogo, "Sababu gani, Edith?"

"Ukisomewa, unakaa," nikamjibu.

Jumatatu nilikaa tena kwenye ngazi. Nilisikiliza, nisisikie kitu, mpaka nikaanza kuogopa. Kumbe gari lilikuwa limekata kona bila kugonga, na Papa alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Alivua kofia, akavuta kiti karibu na changu. Nikatazama mikono yake.

"Leo hakuna karatasi," nikasema.

"Hakuna," akasema Papa. "Niambie shule ilikuwa namna gani. Na kitu usichojua, sema haujui. Nitakaa tu."

Nikafunua bukari, tukala ikiwa bado moto.